Siku Kumi na Moja Bila Choo

Hapa Mbalizi watu wakiniona napita na fimbo yangu hunipa pole ya mguu. "Pole na mguu, Baba Lusekelo." Nasema asante, maana nitasema nini. Mguu umepona. Umebaki mfupi kidogo kuliko mwenzake, na ikiingia baridi ya mwezi wa sita unanikumbusha kwamba ndani kuna chuma, basi. Kilichoniharibia nyumba hakikuwa mguu. Ilikuwa dawa ya maumivu pamoja na aibu yangu, na kati ya hivyo viwili dawa ndiyo yenye kosa dogo.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye wiki hii ametoka hospitali na chupa kama ile niliyopewa mimi. Simwambii aiache. Bila ile dawa ningeng'ata ukuta. Nataka tu ajue mambo ambayo mimi niliambiwa kwa kupitia mtu ambaye hakuweza kuyatamka, na mimi nikayajua wakati tayari nimeshabomoa.

Kazi yangu ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Kwa miaka mingi nimekuwa nikishinda Igawa, mpunga wa Usangu ukishuka. Mimi ni mtu wa kudhani kwamba wengine wote hawajui kufunga kamba. Mwezi wa sita, mavuno yamepamba moto, nikapanda juu ya lori kukagua magunia, kazi ambayo si yangu na sikutumwa. Kamba ikakatika. Nikashuka na magunia matatu, na moja likatua juu ya paja langu.

Nilipasuliwa katika hospitali moja kubwa mjini Mbeya, wakaniwekea chuma. Mwezi wa nane nikarudi nyumbani nikitembelea magongo, nikidhani yameisha. Lakini kidonda kilikataa kufunga. Mvua za kwanza zilipoanza, mwezi wa kumi na moja, kilikuwa kinatoa usaha na nyumba nzima inanuka. Wakanifungua tena, wakakwangua mfupa. Maumivu ya mara hiyo ya pili siwezi kuyasimulia vizuri. Nakumbuka tu kwamba nilimtukana daktari kwa Kinyakyusa, na kwamba alikuwa Mnyakyusa mwenzangu, akaelewa kila neno.

Hapo ndipo walipoanza kunipa mofini, na baada ya wiki mbili wakaniruhusu niende nayo nyumbani, ya maji, kwenye chupa.

Sasa nieleze nyumba yangu ilivyokuwa, maana bila hilo hutaelewa. Mke wangu alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya hapo. Mwanangu wa kwanza, Lusekelo, ni dereva wa malori yanayovuka Tunduma kwenda Kongo, akiondoka anaweza kumaliza mwezi mzima. Nyumbani tulibaki mimi, mke wake Yusta, na binti yao Ipyana aliyekuwa ndio kwanza anajaribu kusimama. Yusta ni Mhehe wa Ifunda, kule Iringa. Nilizoea kumwita Mama Ipyana.

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wana miiko yao. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hapiti naye njia moja, halitaji jina lake, haketi anapoketi yeye. Akiwa na neno, analisema akiwa nyuma ya mlango au amegeuka upande. Siku hizi mjini wengi wamelegeza, na Wahehe wana desturi zao tofauti na zetu. Lakini Yusta alipoolewa, dada yangu Tusajigwe alikuja kutoka Tukuyu, akakaa naye wiki nzima akimfundisha. Yule binti akashika. Akashika kuliko wasichana wetu wenyewe. Miaka minne tumekaa nyumba moja, na ninaapa nilikuwa naijua zaidi sauti yake kuliko sura. Nilikuwa najivunia jambo hilo mbele ya wenzangu, mkamwana wangu Mhehe lakini ana heshima ya Kinyakyusa.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya dirisha la dawa, kichwa kimeinama, mate yananitoka. Benchi limejaa, kila mtu ameshika faili lake kifuani. Muuguzi akaita ndugu wa mgonjwa. Yusta akasogea na mtoto mgongoni. Waliongea muda mrefu. Muuguzi alikuwa anaonyesha kwa vidole, Yusta anaitikia, anarudia, kama mtu anayekariri. Niliona mgongo wa Yusta na vidole vya muuguzi tu. Sikusikia kitu na wala sikujali, nilikuwa nataka kulala.

Nyumbani tukapanga hivi. Jirani yangu Sanga, fundi seremala, alikuwa anakuja asubuhi na jioni kuninyanyua, kunipeleka chooni na kuniogesha, kwa sababu kazi hizo mkamwana hawezi kuzifanya. Yusta alipika na kupima dawa. Aliivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, anaimimina kwenye kikombe kidogo, anaweka juu ya stuli na kurudi nyuma ya pazia. "Baba, dawa." Saa zile zile, hakukosea hata mara moja. Jioni ya kwanza kando ya kikombe kulikuwa na kisosi chenye vidonge viwili vidogo.

"Baba, na hizo ndogo ni za jioni," akasema kutoka nyuma ya pazia.

"Za nini?"

Nikasikia kandambili zake zikisogea sakafuni.

"Za kusaidia hiyo ya maji, baba."

Nikafikiri. Ile ya maji tayari ilikuwa imenifanya mtu wa kusinzia na kijiko mdomoni. Kule Mwanjelwa mjini nimewaona vijana wa unga wanaolala wamesimama, wameinama mpaka unadhani wanaokota kitu, wala hawaanguki. Nikajiambia, kumbe hii ya maji peke yake haitoshi, wanataka kuniongezea nyingine ya kuisaidia, nimalizike kabisa. Nikavichukua vile vidonge na kuvisukuma chini ya godoro. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Nilijiona mjanja sana, mzee asiyedanganyika.

Kuhusu dawa yenyewe nitasema ukweli wangu. Maumivu hayakuisha, ila yalikuwa kama ya mtu mwingine aliyelala chumba cha pili. Hilo peke yake lilinifanya nimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini mwili ulibadilika. Pua iliwasha, mgongo uliwasha, nikajikuna mpaka Sanga akadhani nina upele. Mdomo ulikauka, ugali ukawa unazunguka mdomoni bila kushuka. Mkojo nao ulikuwa unakawia, nasimama nimeshikiliwa, nasubiri, nimeshikiliwa, nasubiri. Na mchana kweupe nikawa naona mambo. Nilimwona marehemu mke wangu ameketi kwenye kona anachambua mchele. Sikuogopa. Nilikasirika tu kwamba haniangalii.

Na sikupata choo.

Siku tatu za kwanza sikuona ajabu, maana nilikuwa nakula kidogo. Siku ya nne tumbo likaanza kujaa. Siku ya sita lilikuwa gumu. Sanga alikuwa ananiketisha chooni, anatoka, anafunga mlango na kusubiri nje huku akipiga mluzi ili nijue yupo. Mtu mwema, hana maneno mengi. Mimi nilikaa pale nikijikamua mpaka naona nyota, hakuna kitu. Nikaona aibu kutoka vile vile kila siku mbele ya mwanamume mwenzangu anayenishika kwapani. Basi nikawa namwaga maji ya kopo, yasikike, halafu nasema, "Tayari, fundi." Mzee wa umri wangu, nadanganya kwa kopo la maji.

Yusta naye alianza kubadilisha chakula. Ukaja mlenda, likaja papai asubuhi na jioni, uji wa ulezi, maji ya moto yenye limau. Nyama ikapotea kabisa. Nikanung'unika moyoni kwamba mume akiwa safarini huyu binti ananinyima. Na kila siku, akishaweka kikombe, alikuwa habanduki haraka pale nyuma ya pazia.

"Baba, mmelalaje?"

"Vizuri."

"Na tumbo, baba, linaendeleaje?"

"Tumbo halina neno. Kinachouma ni mguu, mama."

Alikuwa anasimama pale kitambo, naona miguu yake chini ya pazia, halafu anaondoka. Niliona ni usumbufu tu. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alimuuliza Sanga, akajibiwa, "Anapata, mama, kila siku." Na kwamba alimpigia Lusekelo simu akiwa kwenye foleni ya mpakani, akamwomba aniulize yeye kama mwanangu. Lusekelo akamjibu, "Sasa mimi nimpigie baba kumuuliza mambo ya chooni? Utakuwa umechoka wewe." Akakata. Nyumba nzima, na hata waliokuwa mbali na nyumba, tulikuwa tunalizunguka tumbo langu.

Siku ya kumi dada yangu Tusajigwe akafika kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, mvua inanyesha. Akaingia moja kwa moja, akavuta blanketi, akaona tumbo. Lilikuwa limesimama, linang'aa. Nikatapika mbele yake, na kilichotoka kilikuwa na harufu ambayo siitaji hapa.

"Gwe kaka, umekula nini?"

Nilikuwa natapika tena. Yeye akageukia pazia. "Gwe binti, umempa nini kaka yangu?"

Asubuhi yake, siku ya kumi na moja, nikapelekwa hospitali. Pale mapokezi palikuwa na watu tangu alfajiri, wamejifunika mashuka kwa baridi, lakini waliponiona walisogea wenyewe wakaniachia benchi zima. Ukiona wagonjwa wenzako wanakuachia benchi ujue hali yako si nzuri. Nikapigwa picha ya tumbo. Daktari akaitazama kwenye mwanga, akaja kunikandamiza, nikapiga kelele. Alikuwa peke yake na mimi, pazia limefungwa.

"Mzee, humu ndani kumejaa choo mpaka juu. Ni hiyo dawa ya maumivu. Inalaza utumbo kama inavyokulaza wewe. Tukishindwa kukitoa kwa njia ya kawaida, tutakupasua."

Nakumbuka nilisema, "Sawa, daktari."

Siku mbili walihangaika na mimi. Maji ya sabuni kwa mpira, mara mbili, mara tatu, na hayakutosha, ikabidi muuguzi avae glavu atoe kwa kidole. Binti mdogo, umri wa kitinda mimba wangu. Alifunga shuka kuzunguka kitanda vizuri, na muda wote alikuwa ananisimulia habari za mahindi ya mama yake huko Vwawa, kwamba nyani wanamaliza, kwamba wamefunga debe lakini nyani wamelizoea. Alikuwa anaongea ili mimi nisiwe pale. Nililia, si kwa maumivu. Nilimshukuru yule binti na ninamshukuru mpaka leo. Jioni ya siku ya pili tumbo likafunguka, na kisu kikaniepuka.

Ningeishia hapo, habari hii ingekuwa ya kuchekesha.

Lusekelo aliteremka kutoka Tunduma siku iliyofuata. Wakaja wodini wote, yeye, Tusajigwe, na Yusta ambaye alisimama karibu na mlango amenipa mgongo, kama inavyotakiwa. Tusajigwe alikuwa amekwisha kuyaandaa mambo yake. Kwamba nyama ilikatwa. Kwamba nililishwa mlenda na papai tu siku nenda rudi, na maji ya ajabu ajabu ya moto. Kwamba yeye amefika nimekuwa wa kufa, na huyu hakumwita mtu. Lusekelo akaketi kitandani kwangu. Usingizi wa barabarani ulikuwa bado unamning'inia machoni.

"Baba, Mama Ipyana alikuwa anakulisha nini?"

Nilikuwa na akili zangu wakati huo. Dawa walikuwa wameipunguza. Maneno ya daktari niliyakumbuka yote. Ningeweza kusema, ni mofini, mwanangu, imenifunga choo siku kumi na moja na sikumwambia mtu, Sanga nilimdanganya kwa maji. Maneno hayo ni machache, mtoto wa darasa la pili anaweza kuyasema. Lakini wodi ilikuwa na wanaume sita, dada yangu amesimama, mkamwana yuko mlangoni. Nikaona aibu. Nikasema, "Mimi nimekula alichoniletea."

Niliyasema mimi, kwa mdomo huu.

Tusajigwe akapiga viganja. Lusekelo akamgeukia mkewe. "Umesikia? Haya, sema na wewe."

Yusta akasema akiutazama ukuta, "Niseme nini mbele ya baba?"

Wakachukulia kwamba ameshindwa kujitetea. Mimi nilijua maana yake. Alikuwa ananiachia mimi niseme, kwa sababu mambo yale yalikuwa yangu, na yeye miiko ilikuwa imemfunga mdomo. Nikafumba macho, nikajifanya dawa imenichukua.

Wiki moja kabla ya Krismasi walimpeleka Ifunda akapumzike kwao. Ndivyo wanavyosema, kupumzika. Aliondoka na Ipyana mgongoni na begi moja. Sikumwona akiondoka, nilikuwa bado hospitali. Aliniachia soksi za sufu za mguu mbaya, alizozifuma mwenyewe, amezikunja ndani ya mfuko wa nguo safi.

Mwaka mpya ukaja na kazi ya kuachana na mofini. Nilidhani dawa ukiacha umeacha. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga, maumivu yamepungua, nikataka kuiacha siku moja kishujaa, kuwaonyesha. Nilishindwa kabla ya siku mbili kwisha. Nilipiga miayo mpaka taya likauma. Pua ikawa inachuruzika, ngozi imesimama kama ya kuku aliyenyonyolewa, miguu haitulii, hasa huo mzima. Jasho huku nasikia baridi. Na tumbo lile lile lililogoma sasa likaanza kuharisha bila kuniuliza. Nililia kwa vitu vya kijinga. Nililia kwa sababu nilikiona kikombe cha plastiki cha Ipyana kabatini. Kliniki wakanigombeza, wakanirudishia kipimo, halafu wakawa wanakipunguza kidogo kidogo kila wiki. Kila Jumanne kwenye benchi lile lile, namba mkononi, mvua inapiga bati. Nakusihi wewe unayesoma, usiiache kishujaa. Waambie wakushushe taratibu. Mimi ilinichukua mpaka katikati ya mwezi wa pili.

Muda wote huo Tusajigwe ndiye aliyenitunza. Alinipa nyama.

Mwezi wa tatu jua lilitoka siku tatu mfululizo, akaamua kulitoa godoro nje. Nilikuwa kibarazani.

"Gwe kaka, hizi peremende za nani?"

Vile vidonge vilikuwa vimetapakaa kwenye chaga, vingine vimepondeka na kuwa unga. Nikamwambia avilete. Jumanne nilivipeleka kliniki mfukoni, nikamwonyesha muuguzi wa dirisha la dawa, yule yule wa siku ya kuruhusiwa. Nilitaka tu kujua nilikwepa sumu gani.

"Hivi si vya kulainisha choo?" akasema. "Mofini na hivi vinaenda pamoja, mzee. Ulikuwa huvitumii?"

Nikamuuliza mbona sikuambiwa.

"Nilimwambia yule dada, mkwe wako, mwenye mtoto mgongoni. Alielewa vizuri sana, akarudia yote. Nikamwambia kila siku akuulize kama umepata choo, zikipita siku tatu akulete. Akaniambia, dada, kwa desturi ya huku mimi siwezi kumuuliza baba hivyo, mniambie namna nyingine. Nikacheka. Nilidhani ananitania." Akanirudishia vidonge. "Nikamwambia basi ampe papai na mlenda kwa wingi, na maji."

Nilirudi kukaa kwenye benchi. Namba yangu ikaitwa, nikaacha ipite. Kila kitu alichoweza kukifanya bila kufungua mdomo, alikuwa amekifanya.

Ungedhani kwamba siku hiyo hiyo nilipiga simu. Sikupiga. Nilikaa na jambo hilo wiki tatu, nalitafuna na kulitema. Halafu nikamwambia Tusajigwe.

"Basi angesema," dada yangu akasema.

"Angesemaje? Wewe ndiye uliyemfundisha asiseme."

Alikuwa anamenya ndizi. Akamaliza kumenya zote, akapika, tukala. Kesho yake akaniambia maharage yake huko Tukuyu yanahitaji palizi, akaondoka. Hatujagombana, ila hajarudi kulala kwangu.

Lusekelo nilimwambia aliposhuka mwezi wa nne. Alinisikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. "Baba, hayo yameshapita." Hayakuwa yamepita, ila yeye alikuwa ameshapita. Kumbe Tunduma kuna mwanamke, na mwanamke ana mimba. Sikuwa na la kumgombeza. Nani aliyempa sababu?

Mwezi wa sita, mwaka umezunguka, nilipanda basi la kwenda Iringa peke yangu na fimbo. Tulipita Igawa, magunia ya mpunga yamepangwa barabarani kama kawaida, sikuangalia. Kuanzia Makambako nilikuwa napanga maneno. Nitaanza kwa kukiri, nitaomba radhi mbele ya baba yake, nitamwomba arudi, si kwa Lusekelo kama hataki, arudi kwangu, ile nyumba ni yangu na Ipyana ni damu yangu. Niliyapanga vizuri. Mpaka Mafinga nilikuwa nimeyaamini.

Baba yake, Mzee Kalinga, alinipokea kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, na kiti karibu na moto, maana baridi ya Ifunda mwezi huo inauma masikio. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikamweleza yote. Chupa, vidonge, godoro, kopo la maji kule chooni, mpaka yale maneno yangu ya wodini. Nilisema neno choo mbele ya mkwe mwenzangu labda mara kumi, na dunia haikupasuka. Alikuwa ameinamia moto, anasogeza kuni ambazo hazikuhitaji kusogezwa.

"Mwanangu alituambia hajui kosa lake," akasema mwishowe. "Tulidhani anaficha."

Uani watu walikuwa wanapanga nyanya kwenye matenga. Nikasikia mmoja ameacha kupanga. Yusta akaingia, mikono imekuwa ya kijani kwa majani ya nyanya. Kwa mazoea nikaugeuza uso wangu upande, nimpe nafasi asimame nyuma ya mlango.

Hakusimama mlangoni. Akavuta kigoda akaketi mbele yangu, karibu, magoti yetu yamebakiza kidogo kugusana, akanitazama usoni. Ana macho mapana, na jicho la kushoto lina kovu dogo juu ya nyusi. Miaka minne nyumba moja, sikuwa nalijua hilo kovu.

"Nimesikia," akasema. "Nilikuwa hapo nje."

Nikafungua mdomo nianze maneno yangu. Yeye akatangulia.

"Choo unapata sasa?"

"Napata."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na ile dawa uliacha?"

"Niliacha, mwezi wa pili."

"Vizuri. Kunywa maji mengi."

Akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga, akarudi uani kwenye nyanya zake. Mkamwana hawezi kuketi mbele ya baba mkwe namna ile, wala hawezi kumuuliza maswali yale. Aliyeniuliza alikuwa binti wa Mzee Kalinga, anamjulia hali mgeni wa baba yake aliyekuwa mgonjwa. Yale maneno niliyoyabeba tangu Makambako sikuyasema. Nikanywa chai niliyowekewa, nikamwomba mzee anionyeshe Ipyana anavyotembea, halafu nikaaga.